Luteni Cox hakuwa na pa kukata rufaa

Jioni ya tarehe 1 Juni 1813, nje ya bandari ya Boston, meli ya kivita ya Marekani iitwayo Chesapeake ilipambana na Shannon ya Waingereza. Mapigano hayakufika hata robo saa. Nahodha James Lawrence alipigwa risasi akaanguka, na William Sitgreaves Cox, kaimu luteni aliyekuwa akisimamia mizinga ya sitaha ya chini, akasaidia kumteremsha kwa daktari. Cox alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kidogo. Aliposhuka na majeruhi wake, wakubwa wake huko juu walikuwa wakiuawa na kujeruhiwa mmoja baada ya mwingine, na Waingereza wakarukia ndani ya meli. Kisheria, amri ya meli ilimwangukia yeye. Hakuna aliyemwambia.

Mwaka 1814 alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi chini ya uenyekiti wa Stephen Decatur. Shtaka la woga lilianguka. Akatiwa hatiani kwa uzembe kazini na kwa mwenendo usiomstahili ofisa, akafukuzwa jeshini na kuzuiwa kulitumikia tena jeshi la majini maisha yake yote. Rais James Madison akaidhinisha hukumu, na mambo yakaishia hapo, kwa sababu wakati ule hapakuwa na mahakama ya rufaa ya kijeshi.

Ofisa kijana anayeshtakiwa kwa uzembe hujitetea mara nyingi kwa kuapa kwamba yeye si mwoga. Hilo silo swali. Askari shujaa kabisa anaweza kuwa mzembe. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba alikuwa na wajibu fulani, aliujua au alipaswa kuujua, na hakuutimiza kwa makusudi au kwa kutojali. Mizizi ya rufaa iko kwenye sehemu ya pili: alijua nini, saa ngapi, na kwa kuambiwa na nani? Kwa Cox, naamini hoja ingesimama au kuanguka kwenye ngazi ile ya kushukia kwa daktari. Alipoikanyaga, je, alikuwa bado luteni wa mizinga anayemsaidia nahodha wake, au tayari alikuwa ndiye mkuu wa meli? Mtu hawezi kuwa ametelekeza amri ambayo hajui kuwa ni yake. Ila mwendesha mashtaka naye angeuliza, na kwa haki: ofisa anaondokaje vitani kufanya kazi ambayo baharia yeyote angeifanya?

Leo sheria ya kijeshi ya Marekani inampa ofisa kinga ambayo Cox hakuwa nayo. Anayeshindwa kazi kwa kukosa uwezo tu, huku akijitahidi kwa dhati, hana kosa la uzembe. Kwa kijana aliyekabidhiwa jukumu lililomzidi kimo, hiyo ni hoja nzito. Na ofisa akihukumiwa kufukuzwa, faili lake hupelekwa mahakama ya rufaa hata asipoomba, isipokuwa akiikataa rufaa hiyo mwenyewe.

Ipo pia njia ya bodi za kusahihisha kumbukumbu za jeshi, zilizotokana na sheria ya 1946. Muda wa kuomba ni miaka mitatu tangu kosa la kumbukumbu kugunduliwa, lakini bodi inaweza kuulegeza kwa maslahi ya haki. Wengi hukosea hapa: bodi haina uwezo wa kufuta hatia iliyotolewa na mahakama ya kijeshi. Inaweza kupunguza makali ya adhabu tu. Anayetaka jina lisafishwe kabisa anatakiwa kupigana mahakamani, mapema, mashahidi wakiwa bado hai na kumbukumbu zao hazijachujuka.

Kwa wasomaji wa Kenya, mlango uko wazi zaidi kuliko wengi wanavyodhani: Katiba ya 2010, ibara ya 169, inaiweka mahakama ya kijeshi miongoni mwa mahakama za chini, na rufaa yake husikilizwa na Mahakama Kuu, mbele ya majaji wa kiraia.

Cox alifariki mwaka 1874 akiwa bado na doa lile. Kitukuu wake, Electus Litchfield, msanifu majengo wa New York, ndiye aliyelishikilia jambo hilo hadi mwaka 1952, Bunge la Marekani lilipopitisha azimio na Rais Harry Truman akalitia saini. Cox akarudishiwa cheo cha luteni wa tatu, miaka 78 baada ya kuzikwa.