Jaribu Maikrofoni Kabla ya Kulipa

Mwalimu wa Lumuma anayenunua maikrofoni mjini Kilosa ili arekodi masomo yake, akikosea huingia hasara mara mbili: bei ya kifaa na nauli ya kukirudisha. Kwa hiyo mnunuzi anashauriwa kwenda dukani na kompyuta yake na kukijaribu kifaa hapo hapo.

Kwanza, aitazame plagi. Plagi yenye pete tatu hulenga zaidi simu, na huenda isifanye kazi kwenye kompyuta yenye matundu mawili, la waridi la maikrofoni na la kijani la spika. Maikrofoni ya USB haina utata huo.

Pili, afungue mipangilio ya sauti na kuichagua maikrofoni hiyo. Asipofanya hivyo, kompyuta inaweza kuendelea kutumia ile ya ndani, naye akadhani ameuziwa kifaa kibovu.

Tatu, arekodi kwa dakika 1, mdomo ukiwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, kisha asikilize. Kipimo cha sauti kikigonga mwisho, apunguze kiwango, kwani sauti iliyokwaruza ni vigumu kuirekebisha baadaye.

Nyumbani, achague chumba chenye mapazia au godoro. Kuta tupu hurudisha mwangwi, na mvua juu ya bati hufunika maneno.

Mwisho, adai risiti inayotaja kifaa alichonunua, na aitunze. Hiyo ndiyo shahidi wake endapo kifaa kitaharibika.