Safari Fupi ya Shinyanga na Kahama, na Amana ya Watoto wa Watu

Mtu wa Didia akiazimu kwenda Dar es Salaam huanza matayarisho wiki nzima kabla. Atauliza nauli, atakata tikiti, ataagana na majirani, atafunga mzigo wake na kuufungua mara tatu, na mama watoto atamwandalia chakula cha njiani. Lakini mtu huyo huyo akiitwa Kahama huchukua kofia yake na kutoka. Ukimwuliza mbona hakujitayarisha, atakujibu, "Ni hapo tu." Neno hili "hapo tu" ndilo lililotufanya tushike kalamu mwezi huu, maana limewahi kutuponza sisi wenyewe, na walioponzwa pamoja nasi walikuwa watoto ambao si wetu.

Asiyeijua njia hii tutamweleza kwa ufupi. Shinyanga na Kahama ni manispaa mbili za mkoa mmoja, na baina yao ni mwendo wa kilomita zipatazo 110, lami tupu. Utokapo Shinyanga utapita hapa kwetu Didia, kisha utafika Tinde, na hapo barabara hugawanyika: moja yashika kusini kwenda Nzega na Singida hata Dodoma, na ya pili yashika magharibi kwenda Isaka na Kahama. Tangu Shinyanga hadi Tinde mtu huona kama yumo kwao. Akisha kukata kona ya Tinde amekwisha kuingia katika njia kuu ya malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam, yaendayo Rwanda na Burundi na Kongo. Na mbele yake iko Isaka, penye bandari kavu na stesheni ya reli ya Mwanza, ambako malori mengine huanzia safari zao. Humo gari dogo huwa kama mbuzi aliyeingia katika zizi la ng'ombe. Basi mtu aweza kuondoka nyumbani kwake akidhani anakwenda kijiji cha pili, kumbe katika nusu ya pili ya safari yake amechanganyika na watu wenye safari ya siku tatu, ambao wengine wao hawakulala.

Sasa tueleze yaliyotupata. Ilikuwa mwezi wa Mfunguo Sita mwaka wa 1445, yaani Septemba 2023. Tulialikwa arusini Kahama, na wenye arusi wakaomba wanafunzi wetu waende kusoma kaswida. Tukachagua watoto saba, mdogo wao akiwa na umri wa miaka tisa. Wazazi wao waliwaleta madrasa asubuhi wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wakatukabidhi, wakarudi mashambani kwao bila ya kutuuliza neno. Na kwa nini watuulize? Mwalimu ndiye aliyesema.

Sisi tulikuwa tumeagana kwa simu na mwenye gari moja dogo, katika hayo yaitwayo michomoko, aje saa mbili asubuhi. Alikuja baada ya sala ya Alasiri. Gari lilikuwa la viti vitano, dereva akiwemo, na sisi tulikuwa walimu wawili na watoto saba. Tulipoonyesha wasiwasi dereva alicheka, akafungua buti, akatandika mkeka, akasema, "Wadogo wawili hapa, ustadhi, watalala kama wako kitandani." Nasi tukakubali. Twaliandika neno hili waziwazi kwa sababu hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa na fedha za gari moja, tulikuwa tumechelewa, na tuliona haya kuwapigia simu wenye arusi kuwaambia hatuji. Hayo matatu yakikutana katika kichwa cha mtu mzima humfanya aseme ndiyo penye hapana.

Tulipoipita Tinde jua lilikuwa usoni mwa dereva, maana njia yaelekea magharibi. Tulipotoka Isaka giza lilikuwa limekwisha kuingia. Hatukuwa mbali na Mwakata, kijiji ambacho usiku mmoja wa Agosti 2022 watu wasiopungua 19 walikufa katika ajali ya gari la abiria, lori na trekta. Khabari hiyo tulikuwa nayo, na waliokuwamo garini wote walikuwa nayo. Ghafula katika mwanga wa taa ukatokea mkokoteni wa ng'ombe, hauna taa wala kitambaa cheupe. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu zote, gari likayumba likasimama. Nyuma yetu lilikuwako lori. Sisi tulioketi mbele tulisikia honi na mngurumo, kisha tukaona vumbi upande wa kushoto. Lile lori lilikuwa limetuepa kwa kuingia porini. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, wala ng'ombe.

Tulipofika Kahama yule mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa ndani ya buti akitazama nyuma kwa kioo, alituambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ustadhi, zile taa zilikuwa kubwa kama dirisha." Tulisimamia kaswida usiku ule, lakini hatukuisikia. Na tuliporudi Didia baba yake alikuja madrasa, akatusalimu kwa adabu, akauliza neno moja tu: "Ustadhi, mwanangu mlimketisha wapi?" Hatukuwa na jibu la kumpa isipokuwa la kweli.

Tangu siku ile tumeketi mara nyingi na wenzetu kuifikiri safari hii fupi, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza ni viti. Watu wetu huanza kwa kutafuta gari, kisha hujaza watu mpaka gari likatae. Yafaa kugeuza: hesabu watu kwanza, mtoto mmoja kiti kimoja na mkanda wake, kisha ndipo utafute gari la kuwatosha. Ikiwa fedha ni za viti vinne, wataenda watu wanne. Magari mengi ya michomoko hayana leseni ya kuchukua abiria, na askari wa usalama barabarani akiyakamata, safari huishia hapo hapo pamoja na nauli zenu. Basi dogo lenye leseni ya LATRA, ijapokuwa lasimama kila kituo, huwa rahisi kuliko gari la kukodi ukigawa kwa vichwa, na pengine arusi ile tungeifikia mapema kwa basi.

Pili ni saa, na hapa tutakawia kidogo. Sisi wa Didia tukienda Kahama asubuhi jua liko nyuma yetu, na tukirudi jioni jua liko nyuma yetu tena. Ni neema aliyotupa Mwenyezi Mungu kwa namna miji ilivyokaa. Bali akawiaye mpaka Alasiri ndipo aanze kwenda, hujifungia njia kwa jua la machoni, kisha kwa giza. Ndugu zetu wa Kahama wao wana kinyume: wakija Shinyanga asubuhi wana jua usoni, na wakirudi jioni wanalo tena, kwa hiyo wao wangoje jua lipande kwanza, na warudi mapema. Usiku katika njia hii kuna mikokoteni, baiskeli, matrekta ya pamba na mpunga, na ng'ombe wasiojua sheria yoyote. Hata mchana, wakati wa masika, wingu likiwa jeusi mbele yako simama penye watu. Mwakata hiyo hiyo tuliyoitaja, usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015, ilipigwa na mvua ya mawe iliyobomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 40.

Na huyo asemaye tukimbize ili tufidie wakati tuliopoteza, hebu tufanye naye hesabu ya darasa la nne. Kilomita 110 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni saa moja na dakika 22 hivi. Kwa mwendo wa 100 ni saa moja na dakika 6. Ameokoa dakika 16, na hizo ni ikiwa njia ni tupu, nayo haiwi tupu: kila penye makazi ya watu na kibao cha 50 yampasa apunguze, na kila lori la mbele litamsimamisha. Atakachopata ni kama dakika tano, kiasi cha kunywa kikombe cha chai. Aliyechelewa kuondoka amekwisha kuchelewa, dawa yake ni simu moja kwa mwenyeji kumwambia, "Tutafika kesho."

Lakini ni nani wa kumwambia dereva apunguze? Hili ndilo gumu kuliko yote. Mtume wetu (s.a.w.) ametuagiza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Wengi wetu tumeifundisha hadithi hii miaka mingi, tena kwa sauti ya juu, kisha tukapanda gari tukamwachia amri kijana wa miaka ishirini kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo. Wazee wenye ndevu nyeupe hushika kiti kwa mikono miwili, wakasoma nyiradi kimoyomoyo, wala hawasemi neno, wakiogopa kuonekana washamba. Amiri wa safari na ateuliwe kabla ya mlango wa gari kufunguliwa, na dereva ajulishwe mbele ya wote kwamba fulani ndiye amiri: akisema simama, utasimama, akisema simu weka chini, utaiweka. Dereva asiyekubali sharti hilo mapema hatalikubali njiani. Mshukuruni, mtafute mwingine. Na amiri ndiye wa kutazama kabla ya kuondoka tairi zote pamoja na la akiba, taa za mbele na za nyuma, zile pembetatu nyekundu za kuweka barabarani gari liharibikapo, na bima kama haijakwisha muda. Kazi hiyo ni ya robo saa. Khabari ya ngamia na kamba yake ninyi nyote mwaijua, hatuna haja ya kuirudia.

Yako na mambo ya sala, ambayo watu hutuuliza kila mara. Mwenyezi Mungu ameruhusu msafiri kupunguza sala katika Suratun-Nisaa, na wanavyuoni wa Kishafii wameweka kipimo cha marhala mbili, ambacho wengi siku hizi wamekikadiria baina ya kilomita 80 na 90. Atokaye Shinyanga kwenda Kahama amevuka kipimo hicho, basi aweza kusali rakaa mbili kwa sala za rakaa nne, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, akisha kutoka katika majengo ya mji wake. Ama sisi wa Didia njia yetu imepungua, ikawa inagusa mpaka wenyewe; na kwa kuwa katika madhehebu yetu safari isiyofika marhala tatu ni bora kutimiza, sisi twatimiza, nasi twapanga mwendo ili Adhuhuri itukute tumekwisha kufika. Anayetaka yakini na atazame namba za kilomita katika gari anapoondoka na anapofika, kisha amwulize mwanachuoni wake.

Jambo moja dogo juu ya sala hizi tumeliona likiwapoteza watu. Garini mnasikiliza redio, na redio yaadhini kwa saa ya Dar es Salaam. Jua la kwetu liko nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa dakika zipatazo 20 na zaidi, hupungua na kuongezeka kwa majira. Tumewaona watu, tena katika Ramadhani, wakifungua maji kwa adhana ya redio na jua bado liko juu ya mibuyu. Msafiri atazame anga.

Chakula cha njiani kwa safari hii si haja kubwa; michembe kidogo na maji ya kutosha kwa watoto vyatosha. Kituo cha kupumzika kiwe Isaka, nanyi mkikiona kilima cha kifusi cha uliokuwa mgodi wa Buzwagi, ambao uliacha kuzalisha mwaka 2021, waambieni watoto wavae viatu, maana mmefika.

Mwaka uliofuata tulialikwa tena. Tuliwaandikia wazazi barua fupi, tukataja gari, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, jina la amiri, na kiti cha kila mtoto. Tukawaomba wenye kuridhika watie sahihi. Wazazi wawili hawakutia, nao hatukuwauliza sababu. Baba wa yule mtoto alikaa na barua siku tatu, kisha akaileta mwenyewe, imetiwa sahihi. Tuliondoka saa moja asubuhi, tukafika kabla ya saa tatu na nusu, na jioni kabla ya Magharibi tulikuwa tumekwisha kuwarudisha wote majumbani. Mtoto yule sasa amefika juzuu ya nane, na safari ikipangwa hapa madrasa yeye ndiye tumtumaye kwenda kuhesabu viti vya gari kabla ya mtu yeyote kupanda.