Dawa Isiyo na Mgonjwa

Katika maduka ya dawa za mifugo ya Busia na Malaba, anayenunua vifaranga wa siku moja mara nyingi huondoka pia na pakiti ya unga wa oksitetrasaikilini, dawa ya antibiotiki, autie kwenye maji hata kabla ya kifaranga mmoja kuzubaa. Nia ni njema, ila mlengwa siye. Kifaranga aliyeanguliwa na mama hudonoa kinyesi cha mama huyo na kurithi bakteria wake. Wa mashine huanza maisha na utumbo karibu mtupu. Mwaka 1973, Nurmi na Rantala wa Ufini walionyesha kwamba vifaranga waliopewa vilivyomo utumboni mwa kuku wazima waliistahimili Salmonella zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Bakteria wema huwahi nafasi, hula ambacho adui angekila, na hutoa asidi zinazomdhoofisha. Unga ule huwazuia kustawi wakati ndio kwanza wanahamia.

Wanaobaki huamuliwa na chakula. Nyuzinyuzi za mboga na nafaka huchachuka katika vifuko viwili mwishoni mwa utumbo na kutoa asidi ya butiriki, inayolisha ukuta wa utumbo wenyewe. Omena ni protini nzuri, lakini ikizidi, isiyomeng'enywa huishia kuwa karamu ya Clostridium perfringens, bakteria anayeozesha utumbo. Mfugaji akiona kuhara huongeza dawa, na kosa la kwenye chano cha chakula hubaki palepale.

Watakaopinga watasema antibiotiki hunenepesha, na hawasemi uongo: jambo hilo lilijulikana tangu kuelekea 1950. Hata hivyo, Denmark iliacha kuzitumia kukuzia nguruwe kufikia mwisho wa miaka ya 1990. Watoto wa nguruwe walioachishwa ziwa waliharisha zaidi kwa muda, lakini uzalishaji haukuanguka. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwa ukuzaji mwaka 2006. Wengine watauliza, basi kuku wafe? La: maambukizi ya bakteria yakithibitishwa, dawa itolewe, na dozi imalizwe. Lakini kideri, kinachofagia boma zima, husababishwa na kirusi. Hapo oksitetrasaikilini haifui dafu, chanjo ndiyo kinga. Pesa ya pakiti ile ingenunua chanjo na chakula kilichopimwa vizuri. Dawa hiyo ikitumiwa kwa kuku wasio wagonjwa, huacha hai bakteria sugu tu, na siku mgonjwa wa kweli akipatikana, dawa itakuwa imekwisha nguvu.