Majina ya Vyakula katika Mikahawa ya Dar es Salaam na Mahali pa Lugha za Bara

Mtu atokaye Masieda, katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, akifika Dar es Salaam na kushikwa na njaa, hukutana kwanza na ubao. Juu ya ubao huo, ulioegemezwa mlangoni au kupigiliwa ukutani, vyakula vimeandikwa kwa chaki: wali nyama, wali maharage, ugali samaki, pilau, biriani, chapati, sambusa, mishikaki, chipsi mayai. Yote hayo aweza kuyasoma, kwa kuwa Kiswahili amefundishwa shuleni tangu utotoni. Lakini lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama yake ni Kiiraqw, nayo haimo ubaoni hata kwa neno moja. Kiarabu kimo, Kiajemi kimo, lugha za Bara Hindi zimo, na Kiingereza kimo. Maelezo haya yakusudia kuonyesha majina hayo yameingia kwa njia gani, Kiswahili kimeyatengeneza kwa kanuni zipi, na kwa nini lugha nyingine za nchi hii hii zimebaki nje ya mlango.

Majina ya mahali pa kulia

Yafaa kuanza na majina ya mahali penyewe. Neno mkahawa, ambalo sasa hutamkwa zaidi mgahawa, lahusiana na kahawa, neno la Kiarabu. Kwa asili mkahawa ni mahali pa kunywea kahawa. Maana yake ikapanuka hata ikawa mahali pa kulia chakula cho chote. Neno hoteli latoka katika Kiingereza, lakini limebadili kazi. Katika matumizi ya watu wengi wa Tanzania na Kenya, hoteli si lazima iwe na vitanda; yaweza kuwa chumba kimoja chenye benchi mbili na sufuria tatu. Atafutaye kulala huulizia gesti. Hapa laonekana jambo ambalo litarudi mara nyingi: Kiswahili kikikopa neno, hakilazimiki kukopa na maana yake yote.

Genge lilikuwa kundi la vibarua, kisha likawa mahali wapatapo chakula, na sasa ni hata mahali pauzwapo mboga na nyanya. Mama ntilie ni jina la namna nyingine kabisa, kwa kuwa limezaliwa katika mazungumzo. Ni ombi la mlaji, “nitilie”, lililofupishwa likageuzwa kuwa jina la mwanamke apikaye na kupakua. Ni mara chache sentensi nzima kugeuka nomino, na hili ni mfano mzuri wa jinsi lugha ya mjini inavyofanya kazi.

Njia ya bahari

Majina yaliyo mengi zaidi ubaoni yamekuja kwa bahari. Pilau na biriani asili yake ni Kiajemi, nayo yalikaa sana India kabla ya kuenea katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Chapati, bajia, kachori na kachumbari yametoka katika lugha za Bara Hindi. Kaimati yatokana na Kiarabu, pamoja na kababu na halua. Chai ilianzia Uchina. Lugha zilizoipata kwa njia ya nchi kavu, kupitia Uajemi, huanza jina lake kwa “ch”, na zile zilizoipata kwa merikebu kutoka pwani ya kusini mwa Uchina huanza kwa “t”. Kwa hiyo Mswahili asemapo “chai” anafuata njia ya Waajemi na Wahindi, si njia ya Waingereza, ijapokuwa ni Waingereza waliopanda majani mengi ya chai katika nchi hizi.

Neno sambusa lastahili kuangaliwa kwa makini. Kiajemi cha kale na Kiarabu vina umbo lenye konsonanti “n” na “b” katikati. Umbo la India ya leo, samosa, limepoteza “b” hiyo. Kiswahili kina “mb”. Basi, ingawa wauzaji wengi wa sambusa katika miji ya Afrika ya Mashariki walikuwa Wahindi, umbo la neno laonyesha kwamba halikupokewa kutoka vinywani mwao, bali kutoka upande wa Waarabu na Waajemi. Wasomali na Wahabeshi nao wana umbo lenye “mb”. Chakula na jina lake huweza kufika kwa milango miwili tofauti.

Mfano mwingine ni mshikaki. Katika Kiarabu cha Omani chakula hicho huitwa mishkak, na “mi” ya mwanzo si kiambishi cha wingi. Ni sehemu ya neno. Lakini sikio la Mswahili, likisikia mishikaki na kuona vipande vingi vya nyama juu ya kijiti, likaihesabu “mi” kuwa alama ya wingi, na umoja ukapatikana wenyewe: mshikaki. Huenda pia kitenzi shika kilisaidia, kwa kuwa kijiti hushikwa mkononi. Ndivyo ilivyokuwa kwa kitabu, neno la Kiarabu ambalo “ki” yake ilisikika kama kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa vitabu. Neno geni likiingia katika ngeli namna hiyo, halijulikani tena kuwa geni.

Pamoja na hayo, si kila kilicho mezani kilitoka ng'ambo. Meza yenyewe ni ya Wareno, na sahani na sinia ni za Waarabu. Lakini maandazi yatokana na kitenzi andaa, na vitumbua na kitenzi tumbua. Uma ni chombo kichomacho chakula kama kitenzi chake kisemavyo. Mpunga, mchele na wali ni maneno matatu ya kitu kimoja katika hali tatu, nayo yaonyesha kwamba wenye lugha hii walilijua shamba, kinu na chungu.

Sarufi ya ubaoni

Lugha ya ubaoni ina sarufi yake. Katika Kiswahili cha kawaida husemwa “wali kwa maharage”, “ugali na samaki”, “chai ya maziwa”. Ubaoni na mdomoni mwa mhudumu viunganishi huanguka: wali maharage, ugali samaki, chai maziwa, chai rangi. Wengine wameona hili kuwa uharibifu wa lugha. Lakini likitazamwa vizuri lina utaratibu. Neno la kwanza sikuzote ni lile la chakula kikuu, na la pili ni la kitoweo au la namna. Hakuna asemaye “maharage wali”. Yaani kanuni ya Kiswahili ya kutanguliza nomino kuu na kufuatisha kielezi chake imehifadhiwa, ila kiungo kimeachwa kwa sababu ya haraka na ya udogo wa ubao. Chipsi mayai imeundwa kwa kanuni hiyo hiyo, ijapokuwa neno lake la kwanza ni la Kiingereza. Vijana wakaipa chakula hicho jina la zege, kwa kuwa mayai huvishikamanisha vipande vya viazi kama saruji ishikamanishavyo kokoto. Neno la mafundi wa ujenzi limeingia jikoni bila kuomba ruhusa.

Mikahawa ya wageni na ndugu wasiojuana

Dar es Salaam, ambayo kwa sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5, ina mikahawa ya Wahindi, Waarabu, Wachina, Wahabeshi, Waitalia na wengineo. Majina ya vyakula vyao hayapokewi kwa namna moja. Chakula kinachofanana na kilichojulikana zamani hupewa jina la zamani: tambi za Mchina ni tambi, na wali wake ni wali wa kukaanga. Kisichofanana na kitu huja na jina lake, kama piza na injera. Injera ni mkate mpana, laini na mchachu, wa unga wa nafaka iitwayo tefu, nao ni sahani na chakula kwa pamoja, kwa kuwa mchuzi huwekwa juu yake na mlaji hukata kipande kwa vidole. Wasomali wana chakula cha jamii hiyo waitacho canjeero.

Hapa mgeni kutoka Masieda yumo katika hali ya ajabu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Ni jamaa ya mbali ya Kisomali na Kioromo, wala si jamaa ya Kiswahili. Aketipo katika hoteli ya Msomali, yu karibu na ndugu wa lugha yake kuliko aketipo kwa mama ntilie. Lakini muda uliowatenga ni mrefu mno hata undugu huo hausikiki sikioni; waujua wanaisimu tu. Kwa hiyo yeye na Msomali huagizana chakula kwa Kiswahili, lugha isiyo ya mama wa ye yote kati yao. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya Kiswahili mjini, nayo haifai kudharauliwa.

Majina ya bara

Baadhi ya lugha za bara zimekwisha kuingia ubaoni. Mtori wa Wachaga wajulikana miji yote. Loshoro limetoka upande wa Waarusha, na matoke kwa Waganda. Sato na sangara yamekuja pamoja na biashara ya samaki wa Ziwa Victoria. Mbulu haina hata moja la kulinganishwa na hayo, ingawa ni sehemu yenye lugha nyingi kuliko nyingine nyingi za Afrika. Katika eneo la Mbulu na Hanang hukutana Kiiraqw cha Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti, lugha za Kibantu, na Kihadza chenye sauti za kidoko, ambacho hakijathibitishwa kuwa na jamaa yo yote.

Sababu si matamshi. Yaweza kudhaniwa kwamba sauti za Kiiraqw ni ngumu kwa ulimi wa Mswahili, lakini jina la Tlawi huandikwa na kutamkwa kila siku katika kazi za serikali, na “tl” yake haijamzuia mtu. Tena ugumu wa sauti haukuzuia maneno ya Kiarabu. Sababu yenyewe ni biashara. Jina la chakula huingia mjini likibebwa na mtu akipikaye kwa kukiuza, na walaji wakawa wengi hata wasio wa kabila lake wakakizoea. Mchaga alifungua hoteli; samaki wa ziwa walipata malori na barafu. Mazao ya Mbulu na Hanang yalifika mjini bila mpishi wake, kwa hiyo yalifika bila jina.

Ngano ni mfano ulio wazi. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang, makumi ya maelfu ya ekari, katika malisho ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga. Ngano hiyo ilisagwa kuwa unga wa mikate na chapati za mijini. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki. Wakashinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu ya kulipendelea shirika. Mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Neno moja, mwenyeji, lilipimwa mahakamani, na watu walioyachungia mifugo malisho hayo hawakuonekana wamelithibitisha. Chapati ikabaki na jina lake la Kihindi, na nyanda iliyootesha unga wake haikutajwa na mlaji ye yote.

Ubuyu nao una somo lake. Kwa Wahadza wa Yaeda Chini ni chakula cha kweli, pamoja na asali, mizizi na nyama ya porini. Dar es Salaam na Unguja huo huo ni peremende ya watoto, iliyotiwa sukari na rangi nyekundu. Aandikaye maana ya neno hilo kwa kutazama pwani tu ataandika nusu ya maana yake.

Kazi iliyobaki

Yatokana na hayo kwamba ubao wa mkahawa si orodha ya vyakula vya nchi, bali ni orodha ya vyakula vilivyopata muuzaji. Mtunga kamusi akiuchukua kuwa kipimo, atarudia upungufu wa soko ndani ya kitabu cha lugha. Tangu Halmashauri ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na zilizofuata, kazi kubwa imefanyika ya kukusanya maneno ya Kiswahili na kuonyesha asili yake. Kwa upande wa Mbulu msingi upo: W. H. Whiteley aliandika juu ya sarufi ya Kiiraqw mwaka 1958, na mwaka 2002 Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walichapisha kamusi ya Kiiraqw kwa Kiingereza.

Kilichobaki ni kusikiliza Kiswahili chenyewe kama kisemwavyo Masieda, Haydom na Katesh, kwa kuwa huko majina ya unga, maziwa, pombe na asali hutumika ndani ya sentensi za Kiswahili kila siku. Maneno hayo hayahitaji kuombewa nafasi kwa huruma. Yanahitaji kuandikwa kwa usahihi, pamoja na mahali yasemwapo na maana yake kwa wenyewe. Kamusi ikiyapokea, mtu wa Masieda atakayelifungua jalada lake atakuta humo, karibu na sambusa na mshikaki, jina la chakula alichopikiwa na mama yake.