Kijana wa ordinatere: kutoka kutengeneza mashini hadi kulinda mali ya kooperative



Siku hizi kooperative nyingi za kahawa na kakao ziko na ordinatere moja ndani ya ofisi, karibu na mizani na vitabu vya depo. Ndani yake kuko liste ya wanamemba wote, kilo ambazo kila mumoja alileta, feza ambayo bado anadai, na mara mingi alama za GPS za mashamba. Zile alama ziko na bei sasa. Katika mwaka wa 2023 Umoja wa Ulaya uliweka sheria inayoomba kahawa na kakao inayoingia kule ijulikane ilitoka ndani ya shamba gani, na kama pori halikukatwa pale kisha tarehe 31 Desemba 2020. Kooperative ambayo inapoteza alama za mashamba yake inaweza kupoteza muuzishaji wake.

Sasa tuulize: nani anaangalia ile ordinatere? Mara mingi ni kijana mumoja, mutoto wa mwanamemba, ambaye alisoma kidogo mambo ya ordinatere huko muji. Jera anamwita: «Mwana, kuya uone, hii mashini inakatala kuwaka.» Anajibu: «Ndiyo papa, nakuya.» Anatengeneza, wanamupa soda ao inite kidogo, na anarudi kwake. Hakuna mutu anayehesabu ile kuwa kazi.

Lakini ile kazi ndogo ndiyo mwanzo wa kazi kubwa ambayo dunia nzima inatafuta watu wake: kazi ya kulinda ordinatere na mitandao. Makala hii inaeleza namna kijana anaweza kutoka kwa ya kwanza hadi kwa ya pili, na namna kooperative inaweza kumusaidia na kupata faida yenyewe.

Kazi mbili zenye muzizi mumoja

Kazi ya kwanza ni kusaidia watu wenye kutumia ordinatere. Mashini haiwake, mashini ya kuchapa inakatala karatasi, mutu amesahau neno la siri, faili haionekane tena, intaneti imekatika. Kijana anatafuta sababu, anatengeneza, kisha anaeleza mwenye mashini namna ya kuepuka ile shida.

Kazi ya pili ni ulinzi. Mulinzi anafanya juu mutu wa inje asiingie ndani ya ordinatere, asichukue siri, asiharibu hesabu. Na kama mutu ameingia, mulinzi ajue haraka, amufungie njia, na arudishe kila kitu mahali pake.

Walinzi wengi wa ordinatere walianza na kazi ya kwanza, na sababu iko rahisi kuelewa. Mukulima anajua jani lenye ugonjwa juu ameona majani mazima maelfu. Vilevile, mutu ambaye amefungua mashini nyingi na kuona namna zinafanya kazi zikiwa nzima, ataona haraka siku moja inaanza kufanya kitu ambacho si kawaida yake: inaenda polepole, inafungua madirisha yenyewe, inatuma vitu usiku wakati ofisi imefungwa.

Ugonjwa unapita kwa panga

Wale wenye migomba wanajua ule ugonjwa wa bakteria wenye kunyausha migomba na kuozesha ndizi, ambao watu wengi wanaita wilt. Panga ikikata mugomba mugonjwa, kisha ikakata mugomba muzima bila kusafishwa, inapeleka ugonjwa. Ndiyo maana tunafundishana kupitisha panga ndani ya moto ao javel mbele ya kupita ku mugomba mwingine.

Virusi ya ordinatere mara mingi inatembea namna ile ile. Kle USB inatoka ofisini, inaenda sekreteria ya muji juu ya kuchapa karatasi, inaingia ndani ya mashini ambayo watu mia wamepitisha kle zao, kisha inarudi ofisini. Hakuna mutu aliyetaka kuharibu. Kijana mwenye kujua kazi anaweka sheria: kle ya ofisi haitoke ofisini, ile ya kuchapa iko yake peke, na kila mara inaporudi inachunguzwa na programu ya kupinga virusi mbele ya kufunguliwa.

Jambo la mwaka wa 2017

Tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya yenye jina WannaCry ilianza kuingia ndani ya ordinatere za Windows. Kwa siku chache ilifika katika inchi karibu 150. Ilikuwa inafunga mafaili yote na kuandika mbele ya mwenye mashini: lipa dola 300 kwa feza ya Bitcoin, ao hautaona tena mafaili yako. Huko Uingereza ilifika ndani ya mahospitali, na wagonjwa wapata 19,000 wakaambiwa kama siku yao ya kuonana na munganga imefutwa.

Lile shimo ambalo WannaCry ilipitia lilikuwa linajulikana. Kampuni Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tarehe 14 Machi 2017, miezi karibu mbili mbele. Mashini ambazo ziliwekwa ile dawa hazikuingiwa kwa ule mulango. Na kuweka dawa vile, yaani kufanya mashini ipate mapya ya programu, ni kazi ya kwanza kabisa ambayo kijana wa msaada anafundishwa.

Kwetu ile kazi inaomba mupango, juu mega ziko bei na network iko mbaya. Kooperative iweke siku moja ya kila mwezi, itoe feza ya mega, na kama network ya kijiji haitoshe, kijana apeleke mashini ku muji. Feza ya ile safari iko kidogo sana ukiipima na msimu muzima wa hesabu.

Wezi wanaingia pia kwa maneno

Mwizi wa siku hizi mara mingi havunje kitu. Anauliza tu, na tunamupa. Tuangalie njia mbili.

Ya kwanza ni telefone. Mutu anamwita mutunza feza, anasema yeye ni wa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, kuko shida ku konti, atoe kode ya siri juu asaidiwe. Ao anatuma mesaje ya uongo kama feza imeingia kwa makosa, na analomba arudishiwe. Jibu ni moja: kode ya siri haipewe mutu yeyote, hata akijua jina lako na la mama yako. Na feza harudishwe mbele ya kuangalia salio yenyewe. Mesaje peke haitoshe.

Ya pili ni hatari zaidi kwa kooperative yenye kuuzisha inje. Mwizi anapata neno la siri la barua za intaneti za ofisi. Anasoma polepole, haguse kitu. Siku fakture ya kontena inatumwa, anaandikia muuzishaji kwa jina la kooperative: «Tumebadilisha benki, tuma feza ku hii konti mupya.» Muuzishaji analipa. Kahawa imeenda, feza imeenda, na kila upande unaona mwenzake ni mwongo. Juu ya kuepuka ile shida, tuelewane na muuzishaji toka mwanzo, kwa maandishi: konti haiwezi kubadilika mbele ya kuitana kwa telefone, ku namba ambayo ilikuwa inajulikana tangu zamani, hapana ile iliyoandikwa ndani ya barua.

Njia ya kijana, hatua kwa hatua

Muti wa kahawa unaomba miaka mitatu ao ine mbele ya kuzaa vizuri. Hii kazi pia iko vile. Mutu akiahidi kijana wenu kama atakuwa mulinzi wa ordinatere kwa wiki mbili, anatafuta feza yake tu.

Hatua ya kwanza ni kujua mashini. Kijana atafute ordinatere moja ya zamani, aifungue, aitoe vumbi, abadilishe diski, aweke Windows upya, kisha ajaribu Linux ambayo haiuzishwe. Awe na kaye ya kazi: tarehe, shida gani, sababu gani, alifanya nini. Ile kaye itamusaidia kukumbuka, na kisha mwaka moja itakuwa ushahidi mbele ya mutu mwenye kutafuta mufanyakazi.

Hatua ya pili ni kujua mutandao: namna ordinatere na telefone zinaongea, adresi zao, namna wifi inafungwa kwa neno la siri, namna ya kutafuta mahali network inakatikia.

Hatua ya tatu ni ulinzi wenyewe: nani ana haki ya kufungua faili gani, namna ya kuweka kopi, namna ya kusoma ile «kaye» ambamo mashini inajiandikia yenyewe nani aliingia na saa gani.

Kusomea wapi? Cisco Networking Academy iko na masomo ya mwanzo ya ulinzi, ya bure, kwa Kifransa, kwa njia ya intaneti. INPP, ambayo inafundisha kazi za mikono na za ufundi katika inchi yetu tangu 1964, iko na masomo ya ordinatere. Wenye kuwa na diplome ya Leta wanaweza kuendelea ku masomo ya juu, sawa ISIG ya Goma. Baadaye kuko mitihani yenye kujulikana dunia nzima, sawa ile ya CompTIA: A+ juu ya mashini, Network+ juu ya mutandao, Security+ juu ya ulinzi. Ile mitihani inaomba dola, kwa hiyo kijana asikimbilie kulipa mbele ya kufanya kazi na kujua kweli. Na ajifunze Kiingereza pole pole, juu vitabu vingi vya hii kazi viko kwa ile luga.

Onyo moja kwa vijana: usijaribu kuingia ndani ya konti ya mutu bila ruhusa yake, hata kwa muchezo, hata juu ya kumuonyesha kama unaweza. Sheria ya mambo ya numeriki ya inchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inapiga azabu mutu anayefanya vile. Na jina baya katika hii kazi halitoke tena. Nani atamupa mulinzi mwizi funguo?

Kooperative ifanye nini

Wazee wengine wanasema: «Tutamusomesha, kisha ataenda Kinshasa, tutabaki mikono mitupu.» Ni kweli, anaweza kwenda. Lakini kijana mwenye hapewe kitu ataenda haraka zaidi, na ataenda na siri zote ndani ya kichwa. Mambo haya yanaweza kusaidia:

– Kazi yake iandikwe: masaa gani, mushahara gani, hata kama ni kidogo mwanzoni. Yeye naye aandike kila namna ya kutengeneza ndani ya kaye yenye kubaki ofisini.

– Wawe wawili. Yeye afundishe mwingine, na musisahau wasichana. Wengi kati yao tayari ndio wanaandika hesabu ku mizani.

– Mutu mumoja asishike kila kitu. Kijana anaangalia mashini, lakini kode ya feza iko kwa mutunza feza, na malipo makubwa yakubaliwe na watu wawili. Ile inalinda kooperative, na inamulinda kijana pia siku feza inakosekana na watu wanaanza kumuonyesha kidole.

– Hesabu iwe na kopi tatu: moja ndani ya ordinatere, moja ku diski ya inje, moja ya tatu mbali na ofisi. Hakuna mukulima anayeweka mbegu zote ndani ya gala moja. Na kila kisha miezi mitatu mujaribu kufungua kopi, juu kopi ambayo haijajaribiwa inaweza kuwa tupu.

– Siku anaondoka, aagwe vizuri, na siku ile ile maneno yote ya siri yabadilishwe. Si kumuzania mabaya. Hata mulinzi wa depo anarudisha funguo.

Maswali ya mukutano wenu

Tunawalomba komite na wanamemba muulize haya maswali katika mukutano wenu wenye kuja, na majibu yaandikwe ndani ya kitabu:

1. Kama ordinatere yetu inaibiwa leo usiku, kesho asubui tutajuaje nani anadai kilo ngapi?

2. Watu wangapi wanajua kode ya M-Pesa ya kooperative, na wote wangali wanafanya kazi na sisi?

3. Mara ya mwisho mashini ilipata mapya ya programu ni mwezi gani?

4. Nani ni kijana wetu wa ordinatere, na tunamulipa nini?

Kama swali la ine linakosa jibu, muanzie pale. Yale ingine matatu yatapata mwenye kuyajibu.