Somo la Ufundi: Nati za Tabo Zilizoganda

Leo tuitazame Land Rover ya zamani yenye injini ya 200Tdi, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Tabo ni pampu ya hewa izungushwayo na moshi wa injini. Nati zake hupata moto na kupoa kila siku. Mwishowe kutu huzigandisha. Basi, usitumie nguvu! Bolti ikikatika ndani ya chuma, kazi huwa kubwa mara mbili. Injini ikiwa baridi, sugua kutu kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulegezea, uache usiku kucha. Asubuhi fungua kidogo, kaza kidogo, urudie polepole. Ikikataa, futa mafuta yote, ndipo uipashe nati moto ili itanuke. Tabo ikitoka, ziba matundu kwa kitambaa safi, kwani mchanga huiharibu.