Usitume Faili, Tuma Anwani Yake

Mama mmoja alitoka Mbita hadi saiba yetu mjini Homa Bay na flashi aliyoifunga kwenye pindo la leso, kama watu wanavyofunga pesa. Ndani mlikuwa na vyeti vya bintiye, vilivyoskaniwa siku iliyotangulia. Nilipoichomeka, folda ilitokea na jina lake, lakini kila nilipobofya, hakuna kilichofunguka.

"Mwanangu, si nimeona kwa macho yangu zikiwekwa?"

"Zimo, mama. Zimefichwa."

Ni virusi vya kawaida vya saiba: vinaficha faili halisi na kuacha mahali pake njia ya mkato yenye jina lile lile. Nilizifichua, zikapatikana. Ila flashi inayoingia kwenye kila kompyuta ya mji ni kama kikombe kimoja cha msibani. Huwezi kujua kimepita midomo ya nani.

Binti alikuwa amejaribu njia ya pili pia: kupiga vyeti picha na kuvituma kwa WhatsApp. Vilifika, lakini muhuri wa shule umegeuka doa la wino. WhatsApp huibana picha ili isile bando. Dawa yake ni kugusa alama ya kuambatisha, kuchagua dokumenti badala ya picha, kisha kuiteua faili hapo. Ikitumwa hivyo hufika kama ilivyotoka, na tangu 2022 dokumenti moja inaweza kufikia GB 2. Gmail, kwa kulinganisha, hukomea MB 25 kwa kiambatisho.

Hata hivyo, kutuma faili yenyewe ni kuizalisha. Nimeona katibu wa kikundi cha wavuvi kule Sori akiwa na hesabu za mwaka katika faili tatu: "hesabu mpya", "hesabu mpya 2" na "hesabu ya mwisho kabisa". Mweka hazina alikuwa na ya nne. Mkutanoni kila mtu alisoma jumla yake, na ugomvi ukaanza kabla ya chai. Faili hiyo ingekaa mahali pamoja, kwenye Google Drive au Dropbox, watu wangetumiwa kiungo tu, yaani anwani ya mahali ilipo. Katibu akisahihisha tarakimu, wote wanaona tarakimu hiyo hiyo.

Anwani ina mlango, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Drive hukuachia kuamua nani aingie: watu uliowataja kwa barua pepe tu, au yeyote mwenye kiungo. Pia unaamua kama atasoma tu, atatoa maoni, au atahariri. Ukituma maombi ya kazi kwa kiungo kilichofungwa, ofisa atakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa, na sijaona ofisa mwenye subira hiyo. Ukifungulia yeyote kuhariri, siku moja utakuta safu nzima imefutwa. Nakala ya kitambulisho usiiachie kila mwenye kiungo, viungo hufowadiwa.

Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, zinazogawanywa kati ya Drive, Gmail na picha. Picha za harusi zikijaa, barua pepe ya kuitwa kwenye usaili haiingii. Mzigo wa mara moja, kama video ya mazishi, unaweza kupita WeTransfer, ambayo haimdai mpokeaji akaunti, lakini kiungo chake huisha muda baada ya siku chache. Na mkiwa kwenye boti ya Mfangano bila bando wala mtandao, Quick Share ya simu za Android hupeleka faili simu kwa simu.

Ukimaliza kazi saiba, toka kwenye akaunti na ufute ulichopakua. Kisha angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp yako. Kila wiki nakuta mazungumzo ya mtu yameachwa wazi kwenye skrini.

Kutafuta nako ni suala la anwani. Sisi wa Homa Bay tuna balaa la jina: andika "dawa homa bay" uone utakavyopewa dawa za homa. Funga jina kwa alama za nukuu, "Homa Bay", nalo litachukuliwa kama neno moja. Migori ni mji, ni kaunti, ni mto. Ongeza neno la kutofautisha. Ukitaka fomu ya kaunti, andika unachotafuta, kisha site:homabay.go.ke filetype:pdf, bila nafasi baada ya nukta mbili. Google itachimba tovuti hiyo pekee na kukuletea PDF tu. Hili huondoa pia kwenye matokeo tovuti zinazofanana na eCitizen au KRA huku mwisho wake si go.ke.

Ninapoitumia zaidi mbinu hii ni kwenye mashamba. Mtu akidai hatimiliki imepotea, msajili wa ardhi hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa, na asipopata pingamizi ndani ya siku 60 anatoa nyingine. Tangazo la mirathi nalo hutoka humo, na pingamizi lake lina siku 30. Wachache hapa kwetu hulinunua Gazeti hilo, ilhali tovuti ya sheria ya Kenya Law huliweka mtandaoni bure. Andika namba ya shamba ndani ya alama za nukuu, ukianza na jina la eneo la usajili kama lilivyo kwenye hati, kisha site:kenyalaw.org. Ukikosa, jaribu jina la marehemu, kwa kila tahajia: Achieng na Acheng, Odhiambo na Odiambo, kwa kuwa karani huandika alivyosikia. Ukilipata tangazo, soma tarehe yake kwanza. Siku zimeanza kuhesabiwa hapo, si siku uliyoliona.